Nani Mwenye Kitabu Nchi ya Chai?

Vitabu vikuu vilivyoandikwa kuhusu Wakipsigis katika karne iliyopita vilitoka mbali na mashamba ya chai ya Boito. Utafiti wa mwanaanthropolojia Peristiany ulitolewa London mwaka 1939. Kazi ya Orchardson, aliyeishi Kericho miaka mingi, ilitolewa na East African Literature Bureau ya Nairobi mwaka 1961. Hata Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyewahi kuwa waziri, historia yake ya kimapokeo ilichapishwa Nairobi mwaka 1979. Kwa kuwa mchapishaji alikuwa huko mjini, haonekani, wengi walibaki wakiamini kwamba mwenye mtambo wa kupiga chapa ndiye mchapishaji. Dhana hiyo ndiyo inayowaponza waandishi wanaojichapishia leo.

Mpiga chapa huuza wino, karatasi na kazi. Akishalipwa, kitabu kikioza ghalani si shida yake. Mchapishaji ndiye anayetia mtaji, anayeamua nakala ngapi zitoke na anayebeba hasara. Gakaara wa Wanjau wa Karatina aliyachanganya yote: aliandika, akachapisha, akamiliki na mtambo. David Maillu aliunda kampuni yake, Comb Books, mwaka 1972, na Tanzania ilipovipiga marufuku vitabu vyake mwaka 1976, aliyepoteza soko ni yeye. Mkulima wa Boito halihitaji somo hili katika chai: anajua mchumaji, kiwanda na dalali wa mnada wa Mombasa ni watu watatu, na kila mmoja ana malipo yake.

Watakuwepo watakaosema huu ni ubishi wa majina, kwamba msomaji wa Mogogosiek, jirani na Boito, hununua hadithi, hanunui cheo cha mtu. Ni kweli, lakini fungua kitabu nyuma ya ukurasa wa jina, uone ISBN, namba inayokitambulisha kitabu. Katika ISBN nyingi za Kenya, baada ya 978 huja 9966, tarakimu za nchi. Zinazofuata ni za mchapishaji, kisha za kitabu chenyewe, na ya mwisho ni ya kuhakiki. Mwandishi akipewa namba ya mpiga chapa kama zawadi (ukarimu wa kutilia shaka huo), kitabu chake huorodheshwa chini ya jina la mwingine, na maduka na maktaba huagiza kwa huyo.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema nyumba za uchapishaji zipo kwa sababu, maana zina wahariri. Hapo nakubali. Mtambo huchapa kosa kwa uaminifu uleule unaochapa neno sahihi, na anayejichapishia bila kumlipa mhariri amerithi hasara za mchapishaji akaacha kazi yake. Ila dawa ya hilo ni kuajiri mhariri. Kurudi kungoja mrabaha, ambao mara nyingi ni kama asilimia 10 tu ya bei, si dawa.

Basi wewe mwenye mswada, kabla ya kulipa amana kwa mpiga chapa, omba ISBN kwa jina lako kutoka Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, na mkatae yeyote anayetaka jina lake liandikwe penye mchapishaji.