Nani Alipie Mpira wa Mtoto? Somo Kutoka Historia ya Marekani

Katika sehemu kubwa ya dunia, kandanda ni mchezo wa mtoto wa maskini. Mpira wa makaratasi, kiwanja cha vumbi na miguu mitupu ndio mtaji wa kwanza. Nchini Marekani mambo ni kinyume. Kandanda ya vijana, hasa ile ya klabu za daraja la juu, imekuwa mchezo wa familia zenye uwezo. Mzazi hulipa ada ya klabu, hununua sare, hugharimia safari za michuano katika majimbo ya mbali na hulala hotelini na mwanawe. Mwaka unapokwisha, hujikuta ametumia maelfu ya dola kwa mchezo wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Utaratibu huo tunaweza kuuita "lipa ndipo ucheze".

Wapo wanaoueleza kwa hoja ya utamaduni: kwamba Wamarekani hawakuwahi kuwa watu wa kandanda, na kwamba kwao kila kitu ni biashara. Maelezo hayo hayatoshi. Hakuna mchezo wa mtoto usio na gharama. Hata kiwanja cha vumbi ni ardhi ambayo mtu fulani ameamua isijengwe. Swali la kihistoria ni nani anayelipa na kwa nini anakubali kulipa. Katika muda wa karne moja, ankara ya kandanda ya Marekani imepita mikononi mwa kiwanda, kanisa na majirani waliojitolea, kisha ikatua mezani kwa mzazi. Kila ilipohama, ilibadilisha pia aina ya mtoto aliyepata nafasi ya kucheza.

Tuanze na kiwanda. Mwanzoni mwa karne ya 20, miji ya viwanda ya mashariki mwa Marekani ilijaa wahamiaji kutoka Uskoti, Uingereza, Ureno na kwingineko, na waajiri waligundua kwamba mpira huwatuliza wafanyakazi na kulitangaza jina la kampuni. Mfano mashuhuri ni Bethlehem Steel, timu ya kampuni ya chuma huko Pennsylvania, iliyotwaa kombe la taifa mara tano kati ya 1915 na 1926. Kampuni ndiyo iliyolipa. Ilipoona hakuna faida tena, timu ilivunjwa mwaka 1930.

Huko St. Louis aliyelipa alikuwa kanisa. Parokia za Kikatoliki ziliendesha ligi za watoto na vijana katika mitaa ya wahamiaji, na matunda yake yalionekana tarehe 29 Juni 1950 mjini Belo Horizonte, Brazil, Marekani ilipoifunga Uingereza 1-0 katika Kombe la Dunia. Wachezaji watano kati ya kumi na mmoja walitoka St. Louis. Kipa Frank Borghi alikuwa dereva wa gari la maiti; Harry Keough alikuwa mtumishi wa posta. Mfungaji wa bao, Joe Gaetjens wa Haiti, alikuwa akiosha vyombo mgahawani New York huku akisoma uhasibu. Nchi ambayo leo inasemekana kuwa na kandanda ya matajiri iliishangaza dunia kwa timu ya wafanyakazi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mitaa hiyo ilianza kupoteza watu wake. Familia zilihamia vitongoji vipya nje ya miji, viwanda vikafungwa na parokia zikapungua. Katika vitongoji hivyo ndipo mwaka 1964, huko Torrance, California, ilipozaliwa jumuiya ya AYSO ikiwa na timu tisa. Kanuni yake ilikuwa rahisi na ya kidemokrasia: kila mtoto acheze, na acheze walau nusu ya mchezo. Makocha walikuwa wazazi waliojitolea, na ada ilikuwa ndogo. Mwaka 1974 kikaundwa chama cha taifa cha soka ya vijana, na mwaka uliofuata Pelé alitua New York kuichezea Cosmos. Watoto wakamiminika viwanjani.

Hata hivyo, mpango wa majirani ulitegemea kitu kimoja ambacho hawakukimiliki, nacho ni viwanja vya umma. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13, lililoweka ukomo wa kodi ya ardhi na majengo kuwa asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa. Mapato ya serikali za mitaa yalishuka, na idara za bustani na michezo zikawa miongoni mwa zilizopunguziwa fedha mapema. Zilizonusurika zilianza kutoza watumiaji. Raia aliyefurahia kupunguziwa kodi alikuja kuilipa kwa njia nyingine, mara hii kama ada ya mtoto wake. Tofauti ni kwamba kodi hulipwa kwa kadiri ya mali ya mtu, ilhali ada ni ileile kwa tajiri na kwa maskini.

Katika miaka hiyohiyo, baadhi ya wazazi waliona kwamba kanuni ya "kila mtoto acheze" inawachelewesha watoto wao wenye vipaji. Wakaanzisha timu teule, wakaajiri makocha wa kulipwa, wakatafuta wapinzani katika miji mingine. Hapo ndipo klabu ya kisasa ilipozaliwa. Si haki kuidharau, kwa maana ilifanya jambo ambalo sehemu kubwa ya dunia ilishindwa kulifanya. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayojulikana kama Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana nafasi za michezo, na klabu zikawa mahali pa kuwaandaa. Brazil ilikuwa imewapiga wanawake marufuku kisheria kucheza kandanda kuanzia 1941 hadi 1979, na Chama cha Soka cha Uingereza kiliwafungia viwanja vyake kwa takribani nusu karne tangu 1921. Marekani ilipotwaa Kombe la Dunia la Wanawake la kwanza mwaka 1991, ilikuwa inavuna matunda ya sheria hiyo na ya fedha za wazazi.

Lakini kwa nini gharama ilimwangukia mzazi peke yake? Sababu ya kwanza ni dola yenyewe. Marekani haina wizara ya michezo. Sheria ya michezo ya ridhaa ya mwaka 1978 iliikabidhi Kamati ya Olimpiki jukumu la kuratibu, bila kuitengea bajeti ya kudumu ya serikali kuu.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nayo ni ya kiuchumi. Tangu mwaka 2001, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa mchezaji wa kulipwa igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ipo pia fidia ya mafunzo. Kwa utaratibu huo, klabu ndogo ya Ulaya au Amerika ya Kusini ina sababu ya kumlea bure mtoto wa maskini, kwa kuwa akifaulu atairudishia gharama. Nchini Marekani kanuni hizo hazikutekelezwa kwa miaka mingi, kwa hofu ya kukinzana na sheria za ushindani wa biashara. Klabu ya vijana haikuwa na cha kutarajia kutoka kwa mchezaji wa kesho. Mteja wake pekee alikuwa mzazi wa leo. Mwenye kulipa ndiye anayesikilizwa, kwa hiyo klabu ikauza alichotaka kukinunua: michuano mingi, safari ndefu na majina makubwa ya ligi.

Maisha ya Clint Dempsey yanaonyesha jambo hili vizuri. Alikulia Nacogdoches, Texas, katika familia isiyo na fedha nyingi, akachaguliwa na klabu ya Dallas Texans. Wazazi wake walimwendesha takribani saa tatu kufika Dallas. Dada yake Jennifer alipoanza kung'ara katika tenisi, familia haikumudu ndoto mbili kwa pamoja, na Clint akaacha klabu. Alirudi baada ya wazazi wa wachezaji wenzake kujitolea kusaidia gharama na usafiri. Mwaka 1995 Jennifer alifariki dunia akiwa na miaka 16. Dempsey alikuja kufunga mabao 57 kwa timu ya taifa, akilingana na Landon Donovan katika kilele cha historia ya nchi hiyo. Mfumo wa klabu haukumwokoa. Waliomwokoa ni majirani wema, na hakuna njia ya kuwahesabu akina Dempsey waliokosa majirani wa namna hiyo.

Mzazi anapoulizwa kwa nini analipa, jibu moja hurudi mara nyingi: ufadhili wa masomo ya chuo. Hesabu zinasema vingine. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, chenyewe hueleza kwamba takribani 2 kati ya wanamichezo 100 wa sekondari ndio wanaopata ufadhili wa kimichezo. Kabla ya mabadiliko ya mwaka 2025, timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa nafasi 9.9 tu za ufadhili kamili, na ya wanawake 14, zikigawanywa vipandevipande kwa kikosi kizima. Familia nyingi zingepata zaidi kama zingeiweka ada hiyo benki. Nayo ada haipungui: kwa mujibu wa Taasisi ya Aspen, familia ya Marekani ilitumia wastani wa dola 1,016 mwaka 2024 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, ongezeko la asilimia 46 tangu 2019. Huo ni wastani wa michezo yote. Klabu teule za kandanda ziko juu zaidi.

Je, fedha hizo hupotea bure? La. Mtoto hupata marafiki, afya, nidhamu na mtu mzima anayemfundisha kushindwa bila kukata tamaa. Thamani hiyo ni ya kweli, lakini haitokani na ukubwa wa ada. Ushahidi uko Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyofungwa katika jimbo la Maine. Kuanzia 2001 walihamia huko wakimbizi wa Kisomali, wengi wakiwa wamepitia kambi ya Dadaab nchini Kenya. Mwaka 2002 meya wa mji aliandika barua ya wazi kuwataka wapunguze kasi ya kuja. Mwaka 2015 vijana wa jamii hiyo, pamoja na wenzao, waliipa sekondari ya Lewiston ubingwa wa jimbo. Hamasa yao ilikuwa ya Kiswahili: "Pamoja ndugu." Ilikuwa timu ya shule ya umma, si klabu ya kulipia. Wakati huohuo, tangu msimu wa 2012, mpango rasmi wa shirikisho la soka la nchi hiyo wa kukuza vipaji vya wavulana ulikuwa umewazuia wachezaji wake kuchezea shule zao. Njia iliyokuwa wazi kwa kila mtoto ilifanywa kuwa njia ya wasioteuliwa. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 2020.

Historia hii inatuhusu, kwani nasi tuko njiani. Vituo vya kulelea vipaji vinavyotoza ada vinaongezeka katika miji yetu, huku viwanja vya wazi vikigeuzwa maduka na maegesho ya magari. Mzazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayelipia mazoezi ya mwanawe hatendi kosa. Kosa ni la jamii inayoacha njia hiyo ibaki pekee. Mbadala tunao nyumbani. Jumuiya ya MYSA, iliyoanzishwa Mathare, Nairobi, mwaka 1987, haikudai fedha kwa watoto. Iliwadai kusafisha mtaa, na usafi huo ukaongeza pointi kwenye msimamo wa ligi. Kutoka humo ilizaliwa Mathare United, bingwa wa Kenya mwaka 2008.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma makala haya, mambo matatu yamo ndani ya uwezo wenu. La kwanza ni kulinda viwanja vya wazi kwa hati, si kwa maneno. La pili ni kuyapa mashindano ya shule, yakiwemo UMISETA na UMITASHUMTA, bajeti inayofika shuleni. La tatu ni kumbukumbu. Mbwana Samatta alipohama Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni ya asilimia 5 ilizihusu klabu zote zilizomlea, za Tanzania zikiwemo. Lakini fedha hizo humfuata mwenye rekodi. Timu ya mtaani isiyosajiliwa, yenye mtoto asiye na kadi, haitaonekana katika hesabu hiyo hata kama ndiyo iliyomfundisha kupiga pasi ya kwanza.

Gharama ya mpira wa mtoto haitatoweka kwa sababu tumeikwepa. Tusipoilipa pamoja kama jamii, italipwa na familia mojamoja kwa kadiri ya mfuko wake, na watoto wa wasio na mfuko watabaki nje ya uzio wakitazama.