Tumbawe himilivu, si tumbawe sugu

Kijitabu kimoja kinachogawiwa wavuvi kinasifu upandaji wa "matumbawe sugu kwa joto". Naambiwa istilahi hiyo ilipitishwa na jopo. Kama ni kweli, jopo hilo lilitazama Kiingereza likakisahau Kiswahili.

Sugu ni ngozi iliyokufa ikawa ngumu kwa kusuguliwa. Ndipo tukapata jambazi sugu, mdeni sugu, maradhi sugu: kisichosikia wala kurekebika. Wako wanaolitetea neno hilo wakidai kwamba tumbawe nalo huzoea joto kwa kuunguzwa, kama kiganja cha mpiga makasia. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Tumbawe ni kiumbe hai, na joto hulisikia barabara. Maji yakizidi kwa nyuzijoto 1 tu kilele cha kawaida cha msimu wa joto, yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani mdogo mno unaoishi ndani yake na kulilisha, likapauka, na mara nyingi likafa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, kutoka Kenya hadi Shelisheli. Yaliyosalimika hayakuwa na ganzi. Yaliubeba mzigo wa joto hilo yakabaki hai.

Na kubeba ndiyo maana ya asili ya himili. Mzizi wake wa Kiarabu, h-m-l, umetupa hamali wa bandarini, umetupa stahimili, umetupa na mhimili unaoshika dari. Watu waliojenga Gede na Lamu kwa mawe ya matumbawe wangetaka neno gani zaidi ya hilo? Tena mbebaji ana kikomo, jambo ambalo sugu hulificha. Matumbawe ya Ghuba ya Uajemi huishi katika maji ya kiangazi yanayopita nyuzijoto 34, lakini mwaka 2017 hata hayo yalipauka, na upande wa Abu Dhabi mengi yakafa. Mvuvi akiambiwa "sugu" ataamini kwamba kilichopandwa hakifi.

Matumizi ni mepesi: tumbawe himilivu, matumbawe mahimilivu, uhimilivu wa joto.

Pendekezo hili niliwahi kulipeleka kwa maandishi panapohusika, na sikupewa hata jibu la kulikataa. Basi nawageukia wahariri, walimu na wanaokuza vipande vya matumbawe vitaluni baharini: msisubiri idhini ya jopo. Andikeni himilivu.