Chupa ya soda inarukaje kama roketi? Siri iko kwenye maji na upepo

Chupa ya plastiki, maji kidogo na pampu ya baiskeli vinatosha kurusha roketi juu ya paa la nyumba, bila moto wala baruti. Lakini ukijaza maji mpaka juu, chupa haiendi popote. Usipoweka maji kabisa, inaruka kidogo tu na kuanguka. Kwa nini?

Upepo ndio nguvu

Mdomo wa chupa huzibwa kwa kizibo cha mpira kilichopitishwa sindano ya kujazia mipira, kisha chupa inasimamishwa mdomo ukiwa chini. Kila ukipampu, hewa inazidi kubanwa ndani na presha inapanda. Ikifika mahali kizibo kimeshindwa, kinafyatuka. Hewa inatanuka ghafla na kuyasukuma maji nje.

Hapo inaingia kanuni ya tatu ya Isaac Newton, iliyochapishwa 1687: ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu ile ile. Chupa inayatupa maji chini, maji yanaisukuma chupa juu. Wengi hudhani maji yanapiga ardhi ndipo chupa inanyanyuka. Sivyo. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayosukuma roketi za anga za juu, ambako hakuna ardhi wala hewa ya kuegemea.

Maji ndiyo uzito

Maji ni mazito kuliko hewa ya kawaida kwa takribani mara 800, kwa hiyo kuyatupa kunatoa msukumo mkubwa. Presha ikiwa psi 40, yanaanza kutoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na yanaisha kabla ya sekunde moja kupita.

Maji yakizidi, chupa inakuwa nzito na upepo unakosa nafasi. Kipimo kizuri cha kuanzia ni theluthi moja: chupa ya lita 1.5, weka nusu lita.

Ukikuta ukungu ndani ya chupa iliyotua, huo si moshi. Hewa ikitanuka ghafla inapoa, na mvuke unageuka matone madogo.

Kabla ya kurusha

• Tumia chupa ya soda, maana imetengenezwa kuhimili presha ya gesi. Ya maji ya kunywa ni nyembamba, na ya kioo usiiguse kabisa.
• Chupa iliyokunjamana au yenye mikwaruzo, itupe.
• Usifunge kizibo kwa waya ili kikaze. Kisipofyatuka, itakayopasuka ni chupa.
• Rushia uwanjani, tumia mpira mrefu wa pampu, na watoto wakae mbali.
• Isiporuka, usiiinamie. Chomoa mpira upande wa pampu, upepo utoke kwanza.