Mtoto wa Dhiki katika Picha za Sinema

Msomaji, kwetu pwani mtu apendaye mizaha na kuchekesha watu huitwa chale. Wajuzi wa lugha hulipata asili ya neno hili katika jina la Charlie Chaplin, yule Mwingereza wa kofia nyeusi, bakora, na viatu vikubwa kuliko miguu yake. Picha zake za mwanzo zilikuwa bubu. Hazikuhitaji mkalimani, na kwa hiyo zilifika mbali. Lakini kabla hujamcheka chale, yafaa ujue kwamba alizaliwa mwaka 1889, akakulia katika mitaa ya kimaskini ya London, na alipokuwa na umri wa miaka saba ufukara wa mama yake ulimpeleka katika nyumba ya mafukara. Njaa aliyoionyesha katika picha hakufundishwa na mtu.

Mwaka 1921 alitoa picha iitwayo The Kid. Humo fukara mmoja anaokota mtoto mchanga aliyetupwa, anamlea katika chumba kibovu, na mtoto anapokua wanashirikiana kutafuta riziki: mtoto hupita akivunja vioo vya madirisha kwa mawe, na baadaye kidogo baba hutokea, amebeba vioo mgongoni, fundi tayari kwa kazi. Watu wa serikali wanapokuja kumchukua mtoto wampeleke makao ya mayatima, fukara anakimbia juu ya mapaa ya nyumba hadi ampate. Mwisho mama mzazi, ambaye sasa ni mtu mashuhuri na mwenye mali, anaonekana, na mlango wa nyumba kubwa unafunguliwa.

Picha hiyo ilifungua njia. Tangu hapo, katika kila nchi yenye sinema, zimetengenezwa picha za watoto wanaokabili dhiki bila kukata tamaa. Ningependa uzitazame ukiwa na swali moja: msaada wa mtoto huyu watoka wapi? Kwa msomaji wa Diani au Msambweni swali hili si la mchezo, kama tutakavyoona.

Na mtoto aliyecheza katika The Kid? Jina lake ni Jackie Coogan. Alijulikana dunia nzima na kuchuma mamilioni ya dola kabla ya kubaleghe. Alipofikia utu uzima akakuta kwamba mama yake na baba wa kambo wameitumia karibu mali yote. Mwaka 1938 akawashitaki, akaambulia dola 126,000 hivi. Na mwaka 1939 dola ya California ikatunga sheria ya kulinda chumo la watoto wa sinema. Kumbe mtoto aliyeokolewa katika picha hakuokolewa nyumbani.

Sasa turudi kwetu. Ukivuka mpaka pale Lunga Lunga, ukaipita Tanga na kupanda milima ya Usambara, utafika mahali paitwapo Vugiri. Hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, palikuwa na kazi ya kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika. Zilitengenezwa picha 35, maneno yakiwa katika sahani za santuri, nyingine kwa Kiswahili, nazo zikazungushwa kwa gari katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Habari zake zilikuwa kodi, akiba ya posta, mmomonyoko wa udongo, na ugonjwa wa safura. Baadaye, tangu 1939 hadi 1955, Serikali ya Uingereza ilikuwa na idara yake ya sinema kwa makoloni, ambayo wakuu wake waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha isipokuwa ikienda polepole na bila madoido. Waliomshangilia Chaplin walikuwa wamekwisha kuwajibu, lakini jibu halikusikiwa. Katika picha za namna hiyo mtu huonyeshwa kosa lake na dawa yake. Kama mtoto yumo, yumo kama mgonjwa.

Sisemi kwamba safura ilikuwa jambo dogo. Mpaka leo yajulikana Kwale. Kati ya mwaka 2015 na 2017 watafiti walifanya katika kaunti hii jaribio kubwa la dawa za minyoo: mahali pengine walitibiwa watoto peke yao kupitia shuleni, mahali pengine kijiji kizima. Safura ilipungua zaidi pale kijiji kizima kilipokunywa dawa. Liweke neno hili akilini, tutalihitaji.

Picha zilizoingia moyoni mwa watu wa pwani hazikuwa za serikali bali za Kihindi. Katika miaka ya 1950, mtu wa Kwale aliyetaka sinema ya mjini alivuka Likoni kwenda Mombasa, na huko, kama Unguja, watu walitoka machozi kwa ajili ya Awaara, picha ya Raj Kapoor ya mwaka 1951. Mwaka 1954 Kapoor huyohuyo aligharimia picha iitwayo Boot Polish, nayo yafaa tuikalie kidogo.

Bhola na dada yake Belu ni watoto wa Bombay wasio na wazazi. Shangazi yao huwatuma kuomba, na wakirudi mikono mitupu huwapiga. Jirani yao, mzee John, huwaambia kwamba mikono waliyopewa ni ya kufanya kazi. Basi wanaficha senti moja moja mpaka wanunue brashi na rangi ya viatu, na siku ya kwanza ya kazi yao furaha yao huenea pazia zima. Kisha mvua kubwa zinaanza. Hakuna apigishaye viatu rangi katika tope, njaa inaingia. Usiku mmoja mpita njia anamtupia Belu sarafu, naye anaiokota. Bhola, ambaye ameapa kutoomba tena, anampiga dada yake kofi, na sarafu inaanguka. Sijui picha nyingi zinazosema mengi hivi kwa sarafu moja. Baby Naaz, msichana aliyecheza Belu, alitajwa kwa heshima katika tamasha la Cannes mwaka 1955.

Lakini je, inakwishaje? Watoto wanapotezana, Belu anachukuliwa na watu matajiri, na mwishowe wanakutana tena kituoni na tajiri anampokea Bhola pia. Wanakwenda shule. Ni mlango uleule wa The Kid.

Pengine utaniuliza, kuna ubaya gani mtoto kupata tajiri mwema? Msomaji, huko Bombay ya picha tajiri ni bahati njema tu. Diani si hivyo. Hapa mgeni mwenye mali yuko kweli, hatua chache kutoka kijijini, na sarafu yake hutupwa kweli. Mwaka 2006 Serikali ya Kenya pamoja na UNICEF walitoa ripoti juu ya watoto wa pwani waliokuwa wakitumiwa vibaya katika biashara ya utalii, na Diani ilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Mtoto aliyefundishwa kungoja mlango wa nyumba kubwa ufunguke hajui nani anaufungua, wala kwa nia gani. Ndiyo maana nalipenda kofi la Bhola kuliko mwisho wa hadithi yake.

Baadaye walitokea waliothubutu kuufunga mlango huo. Mwaka 1988 Mira Nair alitengeneza Salaam Bombay! akiwatumia watoto wa barabarani wenyewe. Mwisho wa picha mvulana ameketi peke yake na pia yake ya kuchezea, na hakuna tajiri atokeaye. Ila nje ya picha Nair alisaidia kuanzisha shirika la kuwatunza watoto wa namna hiyo, na mwaka 2004 akaanzisha Kampala chuo cha kuwafundisha vijana wa Afrika ya Mashariki kazi ya sinema.

Nasi Kenya tukaanza kusimulia wenyewe. Soul Boy ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Hawa Essuman, ni habari ya Abila, mvulana wa Kibera ambaye baba yake amepotelewa na roho. Ili airudishe, mvulana anapewa kazi saba na mwanamke wa ajabu. Anayemsaidia ni Shiku, msichana wa kabila jingine. Wazee wa Ukunda na Likoni, wanaokumbuka Agosti 1997, majirani walipofukuzana kwa sababu ya kabila, hawahitaji kuelezwa kwa nini jambo hilo dogo ni kubwa.

Mwaka 2018 ikaja Supa Modo, ya Likarion Wainaina. Jo ana miaka tisa, anapenda picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na ana ugonjwa usiotibika. Mama yake anamtoa hospitalini ili amalizie siku zake nyumbani. Dada yake haridhiki kumwona akilala kungoja kufa. Anawashawishi wanakijiji wamfanye aamini kwamba ana nguvu hizo. Mtoto si mjinga, na mchezo haudumu. Ndipo kijiji, kikiongozwa na mwenye kibanda cha kuonyeshea sinema, kinaamua kutengeneza picha ya kweli, Jo akiwa shujaa. Huyu anashona, yule anashika kamera, hata mama, aliyekataa mwanzoni, anaingia. Hakuna daktari kutoka ng'ambo wala mgeni mwenye mkoba. Ugonjwa hauondoki, na picha haitudanganyi kwamba utaondoka. Ila kijiji kizima kimekunywa dawa.

Kazi inapokwisha watu wanakusanyika kuitazama. Jo amekwisha kufariki. Kwenye pazia yungali hai, amevaa joho lake la shujaa, na jirani zake wanapiga makofi.