Taya la Chini na Mafuvu ya al-Maqs

Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 BK, alifundisha kwamba taya la chini la binadamu limeundwa na mifupa miwili inayoungana kidevuni, na kwa karne nyingi matabibu wa nchi za Kiislamu na wa Ulaya waliipokea kauli hiyo, ingawa mwenyewe alikuwa amepasua nyani na wanyama wengine zaidi kuliko maiti za watu.

Njaa kuu iliyoikumba Misri kati ya 1200 na 1202, baada ya mto Nile kukosa kufurika ipasavyo, iliacha mifupa imelundikana katika kilima cha al-Maqs, karibu na Kairo, na huko ndiko alikokwenda Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu na mwanachuoni aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162. Mafuvu zaidi ya 2,000 yalichunguzwa, wala hakikuonekana katika taya kiungo, yaani mahali mfupa unapokutana na mwingine, wala mshono, yaani mstari wa meno-meno unaoshikamanisha mifupa ya fuvu. Linalostahili sifa zaidi ni ujasiri wake wa kuyaamini macho kuliko Galen, ambaye hata hivyo alimheshimu sana.

Kosa lenyewe si la ajabu, kwa kuwa mtoto huzaliwa na taya la nusu mbili ambazo kwa kawaida hushikamana katika mwaka wa kwanza, ilhali kwa mbwa hubaki zimetengana. Ulaya ilisubiri hadi 1543, Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua, alipochapisha huko Basel kitabu kilichosema yaleyale.