Kuwasha Trekta: Historia ya Ajali na Somo Lake kwa Makada

Katika taarifa nyingi za ajali za mitambo mashambani, sababu huandikwa kwa neno moja: uzembe. Dereva kavunjika mkono, uzembe. Msaidizi kakanyagwa na gurudumu, uzembe. Mwandishi wa makala haya naye amewahi kuandika hivyo. Neno hilo si uongo, lakini ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikilala kwenye faili haimzuii mtu wa pili kuumia. Makala haya yanachunguza historia ya tendo moja tu, yaani kuwasha injini, ili tuone ajali zake zilitoka wapi na kinga yake ni nini.

1. Zama za hendeli

Injini ya petroli ya mwanzo wa karne ya 20 iliwashwa kwa nguvu za mkono. Mtu alichomeka hendeli mbele ya injini akaizungusha. Cheche ikiwahi kutoka kabla pistoni haijafika juu, mlipuko huisukuma pistoni kinyume, na hendeli hurudi kwa kishindo. Hivyo ndivyo watu wengi walivyovunjika gumba, kifundo cha mkono na hata mkono wenyewe.

Kinga ilijulikana. Kwanza, chelewesha cheche. Pili, hakikisha trekta halimo kwenye giya. Tatu, vuta hendeli kuelekea juu, usiikandamize kwenda chini. Nne, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe kwenye hendeli. Lakini hakuna anayezaliwa akiyajua hayo. Mtu hufundishwa, na asiyefundishwa hujifunza kwa kuvunjika.

Mwaka 1911 Charles Kettering wa Marekani alibuni starta ya umeme, ikafungwa kwenye magari ya Cadillac ya toleo la mwaka 1912. Cadillac lilikuwa gari la wenye fedha. Miaka mitano baadaye, mwaka 1917, Henry Ford alipoanza kuunda matrekta ya Fordson kwa wingi, mkulima aliuziwa trekta lenye hendeli. Sifa kubwa ya Fordson ilikuwa bei nafuu, na betri na starta ni gharama. Huko Ujerumani, trekta la Lanz Bulldog la mwaka 1921 lilitaka kichwa cha injini kipashwe moto kwanza, kisha gurudumu zito la injini lizungushwe kwa mkono. Likikosewa, injini hiyo iliweza kuwaka ikizunguka kinyume, na trekta likaenda nyuma badala ya mbele.

Tunajifunza nini? Kwamba ufumbuzi ulikuwapo, ila ulianza kumfikia mwenye gari la starehe kabla ya mzalishaji shambani.

2. Funzo la Kongwa

Hapa kwetu tunao mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Mitambo mingi ilikuwa masalio ya Vita Kuu ya Pili, mingine ikinunuliwa Ufilipino katika maghala ya jeshi la Marekani. Hata vifaru viligeuzwa matrekta. Kabla ya mwaka kwisha, sehemu kubwa ya mitambo ilikuwa imelala. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa eka 150,000. Zilizofyekwa hazikufika hata sehemu ya kumi. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Sababu zilikuwa nyingi: udongo mgumu, mvua haba, haraka ya wakubwa. Lakini mojawapo inahusu mada yetu. Mashine kuukuu zililetwa bila vipuri vya kutosha, bila karakana iliyo tayari, na bila muda wa kumfundisha anayezishika. Mashine ilisafiri, ujuzi ukabaki nyuma.

3. Bisibisi badala ya ufunguo

Starta ya umeme ilipoenea haikumaliza ajali, bali ilibadili sura yake. Matrekta mengi yana swichi ya usalama: usipokanyaga klachi au usipotoa giya, injini haiwaki. Swichi hiyo ikiharibika, mtu hushuka chini, husimama mbele ya gurudumu kubwa la nyuma, na kuunganisha starta kwa bisibisi. Swichi ya usalama inakuwa imerukwa. Giya ikiwamo, trekta huondoka papo hapo, na gurudumu humkuta amesimama njiani.

Katika kijiji kimoja kijana alikanyagwa mguu kwa namna hiyo. Kamati yetu iliandika, "uzembe wa dereva," tukaondoka. Fundi mmoja mzee alituuliza swali ambalo hatukuwa tumeliuliza: "Ndugu, swichi iliharibika lini?" Ilikuwa imeharibika misimu miwili nyuma. Taarifa ilitolewa mara tatu, na kila mara fedha zilikwenda kwenye dizeli. Msimu uliofuata dereva mwingine alikuwa akiliwasha trekta lile lile kwa bisibisi ile ile.

4. Hitimisho

Hatusemi kwamba nidhamu ya mfanyakazi si kitu. Dereva na aliwashe trekta akiwa ameketi kwenye kiti, giya imetolewa, breki imefungwa, na wenzake wako mbali. Asiyefanya hivyo akosolewe. Lakini uzembe wa mkono huonekana, kwa sababu damu humwagika. Uzembe wa mezani hauonekani, kwa sababu humwaga wino tu.

Kwa hiyo kada akipokea taarifa ya ajali, na aulize mambo matatu kabla hajatia sahihi: Aliyeumia alifundishwa na nani? Kifaa cha usalama kilikuwa kizima? Kama hakikuwa kizima, nani alijua na alifanya nini? Taarifa isiyojibu maswali hayo irudishwe.