A, B na Mlango wa Juu: Shule zetu tangu 1948

Sikukuu ya uhuru wetu inaangukia majira yale yale ambayo shule za Brussels zinatoa matokeo ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo kila mara, kati ya sahani ya sombe na hotuba, utasikia wazazi wakiulizana kwa sauti ya chini: "Wako amepata A au B?" Watoto wanajua jibu kabla yetu. Tumeona vema katika gazeti hili la sikukuu tueleze jambo hili lilikotoka, kwa sababu kugawa wanafunzi kwa uwezo na kwa kazi za baadaye hatukukukuta Ubelgiji kwa mara ya kwanza. Wazee wetu walikutana nako nyumbani, na waliokupanga walikuwa Wabelgiji.

Shule nyingi za Kongo ya koloni zilikuwa mikononi mwa misioni. Mwaka 1948 serikali ilitoa mpango mpya. Baada ya miaka miwili ya kwanza ya shule ya msingi, watoto walitengwa. Wengi waliingia daraja la pili la kawaida, lililowaandaa kuishi kijijini, kulima na kufanya kazi za mikono. Wachache waliochaguliwa waliingia daraja la pili lililoelekea sekondari. Fikiri basi: mtoto hajamaliza hata kubadili meno, na njia yake imeshaandikwa. Hata waliofika juu zaidi walipangwa kwa mahitaji ya koloni: huyu mwalimu, huyu karani, huyu fundi.

Sisi wauguzi tunapenda mfano mmoja kuliko yote, ule wa "assistants médicaux". Vijana hawa walifundishwa kwa miaka mingi, Léopoldville na kule Kisantu kwenye kazi ya FOMULAC, shirika la Chuo Kikuu cha Louvain ambalo watu wa Kivu wanalijua kwa hospitali ya Katana. Walijifunza kupima, kutibu, kusaidia katika upasuaji. (Nyumbani kila anayevaa blauzi nyeupe tunamwita munganga, kwa hiyo wagonjwa hawakuona tofauti.) Lakini karatasi ilikuwa na tofauti. Diploma yao haikuwafikisha kwenye udaktari, hata wangefanya kazi miaka ishirini. Ndivyo tarehe 30 Juni 1960 ilivyotukuta nchi nzima bila daktari Mkongo mwenye shahada kamili. Kisha madaktari wa Kibelgiji wakaondoka kwa wingi, na Shirika la Afya Duniani likasaidia kuwapeleka wale wasaidizi Ufaransa kumalizia masomo. Baada ya miaka michache walirudi wakiwa madaktari. Vichwa vilikuwa vile vile, ila sasa palikuwa na ngazi.

Serikali ya uhuru ilielewa. Mwaka 1961 sekondari ilibadilishwa: miaka miwili ya kwanza watoto wote wasome pamoja, ndipo wachague. Ndiyo ile "cycle d'orientation", C.O. ambayo sisi wazazi tuliipitia. Tangu sheria ya 2014 miaka hiyo inaitwa ya 7 na ya 8 ya elimu ya msingi. Mwaka 1967 ukaja Exetat, mtihani mmoja wa mwisho kwa nchi nzima, awe mtoto wa pedagogia, wa bio-chimie, wa biashara au wa ushonaji. Tusijisifu mno, lakini. Nyumbani mara nyingi aliyechagua mkondo alikuwa karo, au umbali wa shule. Na utani wetu kwa waliosoma ushonaji haukuwa mzuri, hasa ukikumbuka nani alitushonea vitenge vya arusi. Hata muuguzi wa A2 anatoka humo humo sekondari, miaka minne ya ufundi wa tiba baada ya ile ya pamoja, na vituo vingi vya afya vijijini vinamtegemea yeye.

Sasa tuje Berchem. Ukishuka tramu karibu na Place Schweitzer (ndiye yule daktari wa Lambaréné, Gabon), utaona watoto wenye mabegi wakielekea huku shule za Kifaransa, kule za Kiflemi. Lugha mbili, ila kwenye kugawanya zinafanana: kuna masomo ya jumla, ya ufundi, ya sanaa, na yale ya kazi moja kwa moja, "professionnel". Kwa Waflemi majina yamebadilishwa, lakini ASO, TSO na BSO bado yako midomoni mwa watu. Tangu sheria ya 1983 mtoto analazimika kusoma hadi miaka 18, basi kila mmoja lazima awe mahali fulani.

B maana yake mtoto amefaulu mwaka, ila amefungiwa baadhi ya mikondo. Wanaoamua ni walimu wake wakiwa katika baraza la darasa. Mzazi ana haki ya kuomba maelezo, kuomba shule ifikirie tena, na baadaye kukata rufaa nje ya shule. Muda ni wa siku chache tu, tena ndizo siku ambazo sisi tunakodi viti vya sherehe. Wengi wetu husaini tu kwa heshima ya mwalimu, kama tulivyofundishwa.

Hatusemi professionnel ni aibu. Tunaofanya kazi hospitalini tunaona ngazi yake kila siku. Katika shule za Kifaransa, miaka sita ya professionnel peke yake haitoi CESS, cheti kinachofungua masomo ya juu. Inabidi kuongeza mwaka wa 7. Upo mwaka wa 7 unaomtoa mwanafunzi akiwa "aide-soignant" kamili. Kwa miaka mingi imekuwepo pia njia ya brevet ya uuguzi, miaka mitatu na nusu, na kando yake shahada ya bachelor, ambayo tangu 2016 inachukua miaka minne. Baadhi yetu tulikuja na A2 ya nyumbani mkononi, tukaanza kwa kuosha wagonjwa, tukarudi darasani na watoto wa miaka 18. Swali la kumuuliza mwalimu basi ni hili: akimaliza mkondo huu, cheti gani kiko mkononi mwake, na kinamruhusu kujiandikisha wapi? Jibu liandikwe kwenye karatasi, kwa Kifaransa au Kiflemi, na mtoto mwenyewe awepo akisikiliza.